Kitumba Chenye Uzi Mwekundu

Kituo cha mbegu za pamba, kupita Maganzo
Jumanne, 10 Juni 2025

Mdogo wangu Justa,

Basi pale vocha ilipoisha nilikuwa nimefika kwenye begi la yule mama wa Ushirombo, sijui wewe ulisikia mpaka wapi. Simu imenikata mara tatu tangu Jumapili, kila nikifika kwenye utamu. Nimeona bora niandike, karatasi haiishiwi salio. Tena nimepata bahati, kuna dereva hapa anaitwa Marwa, Mkurya mmoja mrefu, anabeba mashudu kutoka kiwandani anawapelekea wafugaji wa huko Katoro. Anasema machimbo yenu anayapita kila safari na chai anakunywa kwako. Nilipomwambia Justa wa chapati ni mdogo wangu wa tumbo moja, akashangaa, akasema yule mbona hasemi. Nikamwambia maneno ya nyumba nzima nilirithi mimi.

Sasa nianze upya, maana najua ulisikia nusu. Kikundi chetu cha pamba pale Tinde kilitakiwa kitoe mtu mmoja aende ziara ya mafunzo, siku tatu, kuona pamba inavyofanyiwa utafiti na inavyochambuliwa kiwandani. Wakanichagua mimi. Kuna waliosema Mama Lusia ameishia darasa la tatu, ataelewa nini, mwenyekiti akajibu kwamba hata asipoelewa atatusimulia, wale wanaoelewa huwa hawasimulii. Tuko wakulima ishirini, kila mmoja na kijiji chake, na kiongozi wetu ni bwana shamba Onesmo, kijana mpole anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Kubwa ni hili: vijiji hivi ishirini ndivyo vitakavyopewa mbegu mpya msimu ujao kabla ya mtu mwingine yeyote. Unajua mwaka jana wadudu walivyotufanya. Kwetu tuko wakulima mia na arobaini na wote wananingoja mimi nirudi na hiyo habari.

Hapa pazuri. Kituo kiko upande huu, kiwanda upande ule, katikati bwalo na mabweni, na uzio mmoja umezunguka vyote. Tunalala wawili wawili. Leo wametuonyesha maabara. Kuna kamashine ka kuchambulia pamba ya kiganja kimoja, kadogo kama cherehani, kanatoa mbegu huku na nyuzi kule, halafu nyuzi wanazichana kwa kitana wanazilaza juu ya kitambaa cheusi kupima urefu. Nikauliza kama hicho kitana kinaweza na nywele zangu. Walicheka wote isipokuwa Suzana.

Suzana ndiye wa begi, na nimepangiwa chumba kimoja naye. Mama wa makamo yangu, mkimya, amekuja ziara ya siku tatu na begi la mtu anayehama. Kaingia nalo maabara, kaingia nalo bwaloni, akienda chooni analo. Jambo kama hilo siwezi kukaa nalo peke yangu. Nilimuuliza mzee Mwigulu wa Kishapu, eti mwenzangu, mle unadhani mna nini. Akasema labda huyu kaja kuchukua, siyo kujifunza. Tukacheka mpaka Onesmo akageuka. Kufika chakula cha mchana kila meza ilikuwa na lake juu ya begi, na mengine yalinirudia mwenyewe yakiwa yamenenepa.

Baada ya chakula tukaingia shambani. Justa, ungeiona pamba ya huku, buluba yenyewe. Imefunguka yote, nyeupe, kila tawi limelemewa, haina doa. Mtaalamu anaitwa Nkwabi alikuwa mbele anaeleza, mimi niko nyuma na habari za begi, sikusikia hata neno. Na mkono wangu unaujua. Umechuma tangu nina miaka sita, ukipita kwenye pamba iliyofunguka hauombi ruhusa. Niliposhtuka kitumba kimoja kimo kwenye fundo la khanga. Nikasema sawa tu, kwetu mgeni hatoki kwenye shamba la mtu mikono mitupu, na mdogo wangu hajaona pamba ya nyumbani mwaka wa nne huu. Kwa hiyo kitumba chenyewe nimekuwekea humu ndani ya bahasha. Kina uzi mwekundu na kakaratasi kagumu kenye namba, nadhani ni mapambo ya wageni. Uzi usiukate, unapendeza.

Kesho tunaona kiwanda, jioni tunarudi makwetu. Msalimie shemeji Davis. Na uniambie mbona siku hizi hupandi kile kilima chenu cha mtandao, unapokea simu hapo chini tunasikilizana vipande vipande.

Dada yako,
Serafina, Mama Lusia


Machimboni, Katoro
Jumatano, 11 Juni 2025

Shikamoo dada,

Marwa anakunywa chai, naandika huku anamalizia, kwa hiyo ni fupi.

Kitumba kimefika. Nimekishika muda mrefu. Hapa kila kitu kina rangi ya udongo, hata mbuzi, na chapati zangu ikifika saa nne zimeshapata vumbi la karasha zinazosaga mawe. Kile kitu cheupe kwenye kiganja changu watu walisimama kukitazama. Jirani yangu wa Kigoma aliuliza ni dawa ya nini. Nimetoa mbegu nikazihesabu, ziko tisa.

Kale kakaratasi siyo mapambo, dada. Kameandikwa namba kumi na nne kwa wino usiofutika, na tarehe ya mwezi wa nne. Mtu haandiki tarehe kwenye pambo. Uliza.

Davis hajambo, yuko kazini. Kuhusu kilima, ni miguu tu inaniuma, usijali.

Huyo mama mwache na begi lake.

Mdogo wako,
Justa


Kituoni
Alhamisi, 12 Juni 2025

Justa,

Hatujarudi makwetu. Tumefungiwa. Wenyewe hawataki tuseme tumefungiwa, wanasema tunasubiri, lakini geti lina kufuli, linafunguliwa lori la Marwa tu, na basi limerudishwa nyuma ya ghala, na mimi nakuandikia nimekaa juu ya ndoo nyuma ya bweni ili watu wasione ninachoandika.

Nianze na jana asubuhi, nipate nguvu. Kiwandani tuliingia saa mbili. Kelele za mle hata mimi nilinyamaza. Kuna bomba kubwa linavuta pamba kutoka kwenye lundo kama mtu anayekunywa uji kwa pupa, inapanda juu, inashuka kwenye mashine zilizopangwa mstari, kila moja na roli yake ya ngozi na kisu. Nyuzi zinapita mbele kama ukungu, mbegu zinaanguka chini, hazikutani tena. Wafanyakazi wana nyusi nyeupe na ndevu nyeupe, nikamwamkia mmoja shikamoo, kumbe ni mdogo kwa Lusia wangu, na akaitikia marahaba bila aibu. Mwisho nyuzi zinashindiliwa kuwa robota, uzito wa watu watatu, linavikwa nguo ya pamba. Wakatuambia uzi mmoja wa mfuko wa salfeti ukiingia mle, huko inakofumwa wanalikataa robota zima. Wote tukatazama chini, kwa sababu hakuna kati yetu asiyepeleka pamba kwenye salfeti. Hapo nilikuwa bado mtu mwenye furaha.

Kutoka kiwandani tukamkuta Nkwabi amekaa chini kati ya mistari ya pamba. Mtu mzima na koti lake jeupe, kakaa kwenye udongo. Onesmo alimkimbilia akidhani nyoka. Nkwabi hakupandisha sauti. Alisema namba kumi na nne haipo.

Kumbe yale maelezo niliyoyakosa ndiyo haya. Ua la pamba wanalifunga uzi alfajiri kabla halijafunguka, nyuki asilete chavua ya mche mwingine, ili mbegu itoke safi kama mama yake. Kila ua lina uzi na namba. Huo mche wa kumi na nne ni ukoo aliouchagua miaka sita, mnyauko unaua wote kulia na kushoto wenyewe umesimama. Mwaka huu maua yake aliyoyafunga yalidondoka, kikashika kitumba kimoja tu. Na mbegu yenyewe hairuhusiwi kutoka nje ya uzio kwa sababu haijamaliza kupimwa, inaweza kubeba ugonjwa ikaupeleka mahali ambako haupo. Miaka sita ya kuamka alfajiri, Justa, na mimi nimekuambia ni mapambo.

Mkuu wa kituo akaja. Yeye hakukaa chini. Alisema tuna mpaka Jumamosi saa sita mchana. Asipopatikana aliyechukua, vijiji vyote ishirini havipati mbegu mpya. Akipatikana, kitakachokosa ni kijiji chake peke yake. Atakayeondoka kabla ya hapo atakuwa amejitaja mwenyewe. Kisha akauliza kama kuna aliyeona kitu cha kutia shaka.

Sikusema neno, naapa. Haikuhitajika. Watu kumi na nane waligeuza shingo wakamtazama Suzana, na maneno yaliyowageuza yalikuwa yangu, niliyatambua kama mtu anavyotambua mbuzi wake mnadani.

Begi likafunguliwa juu ya meza ya bwaloni mbele yetu sote. Mlikuwa na sufuria mbili, redio, blanketi, hati ya shamba, picha ya harusi yenye kioo, na kitasa cha mlango. Akaeleza kwamba majirani zake wote wamekimbilia dhahabu, mtaa mzima mtupu, na mlango wake umeshavunjwa mara mbili. Kwa hiyo akisafiri anasafiri na nyumba yake. Kitumba hakikuwemo. Ungedhani yameisha. Mzee Mwigulu akasema basi ameshakitoa nje, na meza nzima ikaitikia.

Tangu hapo hakuna anayekaa naye kula. Isipokuwa mimi, tuna chumba kimoja na siwezi kuhama bila kueleza kwa nini. Leo asubuhi nilikuwa sina sabuni, akaikata yake katikati akanipa nusu. Akasema, "Wewe ndiye pekee unayeongea na mimi hapa." Nilinawa uso mara mbili nisimtazame.

Sasa nisikilize. Kirudishe. Mbegu zote tisa, nyuzi, uzi mwekundu, kakaratasi. Mpe Marwa kwenye bahasha, mwambie ni dawa ya tumbo langu. Nikikipata nitakidondosha pale pale chini ya mche, Nkwabi atakiokota, hakuna kijiji kitakachokosa na Suzana atakula na watu. Nikisema kabla sijakipata, nimewaponza watu mia na arobaini, na Lusia wangu atasikia kisimani kwamba mama yake ni mwizi. Wewe unanijua, jambo halikai kwangu hata saa moja. Hili limekaa siku ya pili sasa na halina pa kutokea.

Fanya haraka.

Serafina


Machimboni
Ijumaa, 13 Juni 2025

Shikamoo dada,

Sirudishi kitumba. Nitakueleza kwa nini, na ukimaliza kusoma uichane barua hii.

Nimezipanda. Jumatano hiyo hiyo, Marwa alipoondoka tu. Najua mwezi wa sita hakuna anayepanda pamba, ungekuwa wewe ningekucheka. Nimezichimbia pembeni ya ninapokaa, nazimwagia maji ya kuoshea vyombo. Nyuzi nimetia kwenye mto wa kulalia. Uzi mwekundu na kakaratasi nilivitupa ndani ya duara.

Ninapokaa ni mdomoni mwa duara lenyewe, shimo la Davis. Barua zote nimeziandikia hapo. Davis hayuko. Alisikia dhahabu imeonekana mahali pengine, akaondoka na wenzake wiki tatu zilizopita, akaniambia nikae hapa mpaka arudi, kwa sababu duara likikosa mtu siku moja linaingiliwa, na likishaingiliwa si lako tena. Kwa hiyo nakaa. Chapati napikia hapa, nalala hapa kwenye turubai. Yule jirani wa Kigoma ananishikia nafasi nikienda kujisaidia, na hata hivyo narudi mbio. Kilimani ni mbali, ndiyo maana tunasikilizana vipande. Hana simu inayopatikana huko aliko, sijui atarudi lini, na sijui kama atarudi. Sikukuambia kwa sababu Tinde nzima ingejua kabla ya jioni.

Ningeweza kuzifukua, sitaki kukudanganya. Leo nilipata barua yako nikachukua kijiti nikachimba, nikakuta moja imevimba, imeanza kupasuka. Nikaifukia. Wiki tatu natazama vitu vinashuka shimoni, watu, kamba, mifuko. Hiki ndicho pekee kinachopanda. Sikifukui, dada, hata kwa ajili yako.

Na wewe nyamaza. Umesema maisha yako yote, hili moja linyamazie. Huyo mama watamsema wiki mbili halafu watapata mwingine. Kijiji kikijua ni wewe, utaishi wapi?

Mdogo wako,
Justa


Kituoni
Jumamosi, 14 Juni 2025, saa nne asubuhi

Justa,

Barua yako sikuichana, nimeikalia.

Kwanza hilo la duara. Wiki tatu umekaa mdomoni mwa shimo la mtu, na unaniandikia miguu inauma, na mimi nakuletea vichekesho vya begi. Inuka hapo. Marwa atakupitia Jumatatu asubuhi, kiti cha mbele ni chako. Ndiyo, nimemwambia, usinikasirikie. Duara la Davis akalikalie Davis. Hizo mbegu usizifukue mikono mitupu, zichimbe na udongo wake, uzitie kwenye kopo la mafuta ya kupikia, uje nazo magotini. Maji ya sabuni acha. Kama zinapasuka basi ziko hai, na kuna mtu hapa tangu Jumatano hajala vizuri anadhani zimekufa.

Sasa nikwambie yaliyotokea. Jana baada ya chai ya asubuhi nilikwenda ofisini kusema. Barua yako ilikuwa bado haijafika, nilikuwa nimechoka kuisubiri. Mkuu wa kituo aliponiona alisimama, akanivutia kiti, akaagiza soda. Akasema alikuwa ananitegemea, kwamba Onesmo amemweleza mimi ndiye niliyelitilia shaka begi kabla ya watu wote, na kwamba wangekuwepo akina mama kumi kama mimi mbegu zisingeibiwa. Karatasi ya ushahidi ilikuwa tayari mezani, jina langu limeshaandikwa juu yake. Mimi niliyezoea kusema hata kwenye msiba wa watu, nikatazama ile soda inavyotoa povu. Nikasema nimekuja kuulizia maji ya bweni la wanawake, yanatoka kidogo. Akacheka, akasema na hilo litashughulikiwa. Nikaondoka na soda mkononi.

Leo nimeamka nikakuta kitanda cha pili kimetandikwa. Nikadhani Suzana kaenda kuoga. Kumbe alishakwenda ofisini, saa moja asubuhi, akasema ni yeye. Kwamba alikichuma, akaogopa, akakitupa chooni. Akatia sahihi. Saa mbili kufuli la geti likatolewa. Saa hizi watu wanapakia mizigo, basi limeletwa mbele, mzee Mwigulu anaimba na wengine wanampokea.

Aliporudi chumbani kupanga vitu vyake nilifunga mlango nikauegemea. Nikasema tu, "Ni mimi niliyechuma."

Akaendelea kukunja blanketi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma yako."

Siku ile shambani alikuwa wa mwisho kabisa kwa sababu hakuna aliyetaka kutembea naye na begi lake, na wa mwisho ndiye anayeona migongo na mikono ya watu wote. Aliona mkono wangu ukitoka, akaona fundo la khanga likifungwa. Kisha akasimama pembeni ya meza sufuria zake zikitolewa moja moja na hakunyoosha kidole. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe, aliona mtu anayesema namna ile hawezi kukaa na jambo, litamtoka. Jumatano alingoja. Alhamisi akanikatia sabuni, akangoja. Jana akaniona naingia ofisini akamshukuru Mungu, halafu akaniona natoka na soda.

Basi akahesabu. Kwetu mia na arobaini. Kwao wamebaki akina mama wanne wanaolima pamba, wengine wote wako kwenye dhahabu.

"Wale wanne watanielewa," akasema. "Wasiponielewa, ni wanne."

Akasema pia nisilie kwa sauti, watu watadhani tunagombana.

Justa, geti lilipofungwa nilikuwa nimefungiwa na watu, na mtu akikufungia unaweza hata kumtukana. Sasa geti liko wazi. Naweza kupanda lile basi nikakaa dirishani, nikashuka Tinde wakanipokea kwa ngoma, mbegu ikaja, ikapandwa, na kila nikipita kwenye mstari wa pamba nitawaona akina mama wanne wa Ushirombo wanapanda mbegu ya zamani iliyoliwa. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe na yeye, na nyinyi wawili mnajua kunyamaza kuliko watu wote niliowahi kuwafahamu. Nimekaa hapa kitandani naandika kwa sababu nikisimama sijui miguu itakwenda wapi. Ile barua yako imeniambia ninyamaze na nimeisoma mara tano. Unajua ni mara ya kwanza mtu ananiomba ninyamaze kwa kunipenda, wengine huwa wamechoka tu.

Ngoja, mlango unagongwa.

Ni Suzana, begi begani. Anasema wenzetu wamejipanga mbele ya ofisi, mkuu wa kituo amesimama, Nkwabi amesimama, wameleta na kipaza sauti, na wamekubaliana mimi ndiye nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wakulima wote, kwa kuwa ndiye ninayejua kusema. Onesmo ameita jina langu mara mbili. Namsikia anaita ya tatu, Serafina Ngassa, lote zima, kwenye kipaza sauti. Suzana anaitazama hii karatasi kisha ananitazama mimi.

"Shukuru tu, dada," anasema. "Usiongeze kitu."

Ananivuta mkono, nakwenda. Mimi, Justa, tangu nizaliwe sijawahi kusema neno nisiongeze.